Mistari ya Kijani

Waliposoma wasifu wa marehemu mwezi uliopita, pale Muleba, nilivumilia mpaka walipofika kwenye maneno "baba wa yatima". Hapo niliweka soda yangu chini kwa kishindo, na dada aliyekaa jirani yangu akanipapasa goti akidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu gani! Ningekuwa na uchungu ningelia. Mimi nilikuwa na hasira, hasira ambayo nilidhani imeshakufa zamani, kumbe ilikuwa imekaa tu inanisubiri. Msomaji akaendelea bila haya: marehemu ndiye aliyeleta kompyuta kuwaandika yatima wa wilaya, marehemu hakuwa na ubaguzi, marehemu aliwatetea wanyonge. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami kwa kuwa nimefundishwa kuheshimu msiba, nilinyamaza, nikala wali wao, nikaaga, nikapanda gari kurudi Bukoba huku nimeuma meno. Njiani nikasema basi, kama wao wana wasifu wao, na mimi nina wangu. Jina lake silitaji kwa sababu ameacha watoto, na watoto hawakunikosea kitu. Nitamwita Mratibu, kama tulivyomwita kazini.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikotoka na nilivyosoma ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa napiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na hilo peke yake lilinipatia kazi kwenye mradi wa yatima uliokuwa na ofisi Miembeni, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Mama Shirin, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki mjini. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha na watu walikuwa wanaisha nayo. Ulikuwa ukitoka Bukoba Jumamosi kwenda Muleba unapita msiba baada ya msiba, na dereva hapigi honi hata mara moja kwa heshima. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa ubao mwembamba: upande mmoja Mratibu na meza yake, upande wa pili sisi na kompyuta mbili. Ukutani kulikuwa na ufa uliobaki tangu vita, tumeuziba kwa kalenda. Viatu vilivuliwa mlangoni kwa sababu ya vumbi, na jioni kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma, sawasawa na redio ya nyumbani kwa watu. Kutoka chini zilipanda kelele za cherehani na harufu ya vitambaa vipya, na saa nne Mama Shirin alituletea chai ya tangawizi yeye mwenyewe, akisimama mlangoni bila viatu, akizitazama zile mashine na kuuliza, "Leo imeandika wangapi, Tina?" Mimi ni Adventina, lakini mjini kote nilikuwa Tina.

Aliyekuwa nami upande ule wa ubao alikuwa Novati. Alikuwa mtu wa Nshamba, umri kama miaka thelathini na nne, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam na kufanya kazi huko mpaka alipoanza kuugua. Akarudi nyumbani, kama walivyorudi wengi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Programu yote ya mradi aliiandika yeye kwa mkono wake: mimi naingiza fomu za watoto kutoka vijijini, programu inapanga, halafu inachapa orodha ya nani apokee blanketi, sare na barua ya shule kwa niaba ya mtoto yupi. Alinifundisha bila kunificha kitu. Wengine wangemwona msichana wa kupiga chapa, wakamwachia kupiga chapa. Yeye alivuta kiti, akasema, "Kaa hapa, mdogo wangu. Hii si mizimu. Ni maagizo tu, moja baada ya jingine, na mashine ni mjinga mtiifu." Nilimpenda kama kaka, na ndiyo maana mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira kwanza, mapenzi baadaye.

Sasa nieleze jambo la orodha, maana ndilo lililotuvuruga. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Baba akifa, ukoo unakaa na kumteua omukuza, mwanaume wa kumsimamia mtoto na kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba iliyomo. Si mila mbaya penye watu wema. Lakini miaka ile walikuwa wanakufa vijana wengi mno, na watoto walikuwa wanalala kwa bibi zao, wanakula kwa bibi zao, wanakohoa migongoni mwa bibi zao, huku omukuza anaonekana siku ya kuchuma kahawa. Kwa hiyo fomu yetu ilikuwa na nafasi mbili: omukuza ni nani, na mtoto analala kwa nani. Mimi niliziingiza zote mbili. Nilikuwa makini, sikuruka fomu hata moja. Lakini tangu mwanzo wa mwaka ule orodha zikawa zinatoka na jina moja tu la mpokeaji, na jina hilo kila mara lilikuwa la mwanaume.

Wanawake walianza kupanda ngazi zetu. Aliyepanda zaidi ya wote alikuwa Ma Leokadia wa Buganguzi, mama wa umri wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye sauti nzito ambayo usingeitarajia. Mwanawe na mkwewe walikuwa wamekufa ndani ya mwaka mmoja, wakamwachia wajukuu watatu. Omukuza alikuwa Ta Projesti (Ta kwetu ni kama Mzee), mdogo wa marehemu mumewe, mwenye kibanda cha biashara Nshamba. Ma Leokadia alikuwa akivua kandambili zake mlangoni, anafungua fundo la leso, ananipa kahawa za kutafuna kabla ya kusema neno. Halafu anasema, "Mwana wange, nimekuja tena. Projesti amechukua blanketi zote tatu. Nimeziona dukani kwake zinauzwa." Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa ile sauti ya ofisini: "Mama, kompyuta ndivyo ilivyoandika. Labda fomu ilijazwa vibaya." Aliniangalia. "Fomu nilikujazia hapa, mbele yako, ukaniuliza jina mara mbili." Nikamwambia nitafuatilia. Nilipomuuliza Novati alijibu bila kugeuka kwamba mashine ina taratibu zake. Na mimi, niliyefundishwa naye kwamba mashine ni mjinga mtiifu, nikameza jibu hilo lilivyo.

Mara ya mwisho alipokuja ilikuwa Jumanne, na safari hii hakukaa. Projesti alikuwa ameitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa. Alikuwa anatembea na ile orodha yetu, imepigwa muhuri, akiwaonyesha wazee: tazameni, hata mradi unajua mlezi ni mimi, hata kompyuta imeandika. Kama mlezi ni yeye, basi watoto wahamie kwake, kibanja kiwe chini ya mkono wake, na shemeji yake arudi kwa kaka zake alikozaliwa. "Kaka zangu wamekufa wote," Ma Leokadia alisema. "Narudi kwa nani, kwa makaburi? Na huyu mdogo ana pumu, hapandi kitandani mpaka nimshike kifua. Nani atamshika?" Alivaa kandambili zake akashuka. Kupitia kwenye ubao nilimsikia Mratibu anageuza kurasa za gazeti.

Hapo katikati kuna habari ya macho ya Novati. Yalianza kumharibikia tangu mvua za vuli. Alisema anaona doa katikati ya kila kitu, anaona pembeni lakini si mbele, na zile herufi nyeupe kwenye kioo cheusi zilikuwa zinamkimbia. Akawa haji kazini zaidi ya siku mbili kwa wiki, halafu hakuja kabisa, akabaki kwa mama yake Nshamba. Lakini programu ilikuwa bado na kazi ya kurekebishwa, na akaniomba nimchapie kurasa zake kwa herufi kubwa nimpelekee, ajaribu kuzisoma juani. Nikakumbuka disketi aliyotuachia kijana mmoja wa Kizungu aliyekuja kujitolea. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo ya kupaka rangi maandishi ya programu nyingine. Unaifungua, linatokea dirisha. Kushoto kuna orodha ya aina za maneno: amri, majina, namba, maandishi ya kunukuu, maelezo. Kulia kuna vijisanduku vya rangi. Unabofya aina, unabofya rangi, na chini yake kipande cha mfano kinabadilika hapo hapo unakiona. Ukiridhika unafungua faili lako, na maneno yote yanavaa rangi zake, kila aina na yake, kwenye kioo na kwenye karatasi pia, maana mashine yetu ya kuchapa ilikuwa na wino wa rangi. Kompyuta yenyewe haina haja nazo, inasoma vilevile. Rangi ni kwa ajili ya macho ya mtu, na mimi nilikuwa na mtu mwenye macho yanayokufa. Niliwaza kwamba hata asipoisoma herufi, atajua kwa rangi yuko wapi.

Nilimpigia simu kupitia duka moja la Nshamba, wakaenda kumwita, nikamweleza kwa furaha. Akasema, "Vizuri sana. Ila maelezo usiyapake, Tina. Yaache meupe. Yatajaza ukurasa bure." Nikamuuliza meupe kwenye karatasi nyeupe yataonekanaje? Akasema, "Si lazima yaonekane." Nilidhani ni maneno ya mgonjwa aliyechoka. Na mimi nina ubishi wangu wa kuzaliwa, nikaona haiwezekani nimpelekee kazi nusu. Amri nikazipa nyekundu, majina buluu, maandishi ya kunukuu kahawia. Maelezo nikayapa kijani, kwa sababu ndiyo rangi ya kwetu, nikaona itamfurahisha.

Maelezo ni maneno ambayo mwandishi wa programu anajiandikia mwenyewe au anamwandikia mwenzake: hapa nafanya hivi, pale tumesahau vile. Anayafunga kwa mabano mawili yaliyopinda, na mashine ikifika hapo inaruka. Ndipo penye ujanja wanaoujua watu wa kazi ile. Ukizizungushia amri zenyewe mabano hayo, nazo zinarukwa. Hujazifuta. Zipo palepale, herufi kwa herufi, lakini hazifanyi kazi, na kwenye ile programu yetu ya zamani ya kuandikia, isiyo na rangi, hazikuwa na tofauti na amri zilizo hai. Ungeweza kuzipitia kila siku na usijue. Mimi nilizipitia kila siku.

Jumatano ile, saa ya chai, kikombe cha Mama Shirin kikiwa mkononi, nilifungua faili la programu yetu kwenye dirisha la rangi. Ukurasa wa kwanza, mwekundu na buluu, kijani kidogo huku na huku. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa kijani mtupu. Kijani juu mpaka chini, na wa nne nusu yake. Nilidhani nimekosea kubofya. Nikapunguza, nikakuza, nikarudi kwenye kile kijani na kuanza kukisoma polepole, na kila mstari niliuelewa kwa sababu Novati mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuusoma: kama mtoto analala kwa bibi, mpokeaji awe bibi. Kama analala kwa mama, mpokeaji awe mama. Kama halali kwa mmojawapo, ndipo awe omukuza. Yote yamezimwa. Na juu kabisa, ndani ya mabano, mstari mmoja wa maneno ya binadamu: "Imezimwa kwa agizo la Mratibu. Isiwashwe." Chai ilinimwagikia mapajani na sikuisikia. Nilikuwa nawahesabu kichwani wanawake niliowaambia fomu zao zilijazwa vibaya.

Niliomba ruhusa ya kumpelekea Novati karatasi, nikapanda pikapu mpaka Muleba, na nyingine mpaka Nshamba. Nyumba ya mama yake ilikuwa safi, majani mabichi yametandazwa sakafuni, na Novati amekaa kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, amevaa koti siku ya joto. Mama yake alitenga ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Sahani ya Novati ilikuwa peke yake, ya bati, yenye alama ya rangi ya kucha pembeni, na kikombe chake vilevile. Sijui kama aliweza kuiona ile alama. Tulikula. Mama alipotoka nje nikamwekea kurasa magotini, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kile kijani.

"Unajua hapa ni wapi?" nilimuuliza.

"Najua," akasema. "Nilikuambia usipake."

"Kaka Novati, kwa nini?"

"Wazee wa koo walimwendea Mratibu. Walisema mkiandika wanawake, kesho watapeleka karatasi zenu mahakamani wadai vibanja. Na yeye anautaka udiwani. Akaniambia nizime."

"Ukazima."

"Kila mwezi gari la mradi lilikuwa linanipeleka hospitali, Tina. Linanisubiri mpaka natoka. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili."

Nilimtukana. Sitaandika niliyosema, ila nilimwambia pia kwamba ni heri macho yamtoke yote asijione kwenye kioo, nikaona uso wake unavyopokea, na sikujizuia. Nilikuwa na umri wa kutokujizuia. Alisubiri nimalize. "Ukiyatoa mabano mawili tu inawaka," akasema. "Moja mwanzo, moja mwisho. Lakini watakufukuza." Nikamjibu kwamba hata wakinifukuza nitapata kazi dukani kwa Mama Shirin kupima vitambaa, na nikaondoka bila kumuaga mama yake, jambo ambalo kwetu ni ukosefu mkubwa wa adabu.

Alhamisi asubuhi nilizunguka ule ubao nikasimama mbele ya Mratibu. Alikuwa anakula karanga. Alinisikiliza vizuri, nakiri hilo. Alikuwa msikilizaji mzuri, ndiyo maana watu walimwamini. Halafu akasema kwa upole, "Binti, sisi tumekuja kugawa blanketi. Hatukuja kugombanisha koo za watu. Ukiwasha hiyo kitu yako, wazee wanafunga milango, na hata hao watoto hawapati chochote. Unataka hivyo?" Nikamwambia hawapati chochote sasa hivi, blanketi zinauzwa Nshamba. "Hayo ni ya ukoo," akasema, akanisogezea karanga. Mpaka leo sijui kinachoniudhi zaidi, yale maneno au zile karanga. Baba wa yatima!

Saa saba alipokwenda kula, niliyatoa mabano. Nilipiga kila herufi huku natazama vidole, mimi niliyejisifu kwamba sitazami. Dirisha la rangi likabadilika mbele yangu: kile kijani kikawa nyekundu na buluu. Nikaiendesha programu. Orodha ya Buganguzi ikatoka na jina la Ma Leokadia mbele ya watoto watatu. Kwenye kioo niliyaona na majina ya wanawake wa vijiji vingine, yanapanda moja baada ya jingine, wengine nawajua kwa sura. Nilisikia hatua kwenye ngazi. Nikachapa ukurasa wa Buganguzi peke yake, nikazima mashine. Hatua zenyewe zilikuwa za Mama Shirin anakuja kuchukua vikombe. Nilikuwa na nafasi ya kuchapa kurasa zote, na sikuchapa, kwa sababu niliogopa, na kwa sababu mwanamke niliyemfahamu alikuwa mmoja. Jumatatu iliyofuata nilimwaga unga, wakaleta mtu mwingine, na yale mabano yakarudi mahali pake kabla ya saa sita mchana. Wanawake wale wa vijiji vingine waliendelea kuambiwa habari za fomu. Hasira ninayomchukia nayo marehemu, fungu lake moja ni langu mwenyewe, na silikimbii.

Ukurasa wangu haukuwa na muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya Mratibu na ufunguo mfukoni mwake. Nilijua kabisa kwamba karatasi bila muhuri mbele ya wazee wale ni ya kufungia karanga. Jumamosi nikashuka tena Nshamba, shingo upande, nikamuomba mama yake Novati radhi, nikamweleza Novati kuhusu kikao. Alisema amechoka, akageukia ukutani. Nililala pale nikiwa nimekata tamaa naye. Asubuhi nilipotoka kunawa nilimkuta amekaa kwenye benchi nje, suti yake ya Dar imemzidi mabega, tai shingoni, kofia mapajani. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, anamlalamikia mgongo wake: "Unakwenda kujianika mbele za watu. Wataniona mimi, si wewe, wewe huoni." Hata hivyo ni yeye aliyetafuta mwenye baiskeli, na ni yeye aliyemfunga mwanawe kwa kanga kwenye mgongo wa yule mwendeshaji ili asidondoke milimani. Mimi nilitembea nyuma nikishika kiti.

Kikao kilifanyika Buganguzi, sebuleni kwa marehemu mwana wa Ma Leokadia. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majani wameegemea ukuta, kibuyu cha orubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati. Wanawake mlangoni. Ma Leokadia alikuwa ameketi peke yake, mikono kwenye magoti, wajukuu watatu nyuma yake. Projesti alikuwa amesimama na orodha yetu ya zamani, ameiweka kwenye nailoni isichafuke. Niliomba kusema, nikatoa ukurasa wangu mpya. Mwenyekiti wa ukoo, mzee mnene aitwaye Ta Kaijage, akauchukua, akaugeuza nyuma na mbele. "Muhuri uko wapi?" Nikasema hauna. Projesti akacheka. "Kila msichana wa mjini mwenye mashine atatuchapia lake. Hii yangu ina muhuri."

"Hiyo yako niliiandika mimi," Novati akasema kutoka mlangoni.

Walimgeukia. Nadhani wengi ndipo walipomtambua, maana niliona nyuso zinavyojikunja, na mzee aliyekuwa karibu na mlango akavuta mguu wake. Mtu mmoja akanong'ona, si kwa siri sana, kwamba huyu naye ana ule mdudu. Projesti akadaka hapo hapo: "Waitu, ndugu zangu, tusikilize mgonjwa anayeropoka?"

"Ni ukimwi," Novati akasema. "Semeni tu. Nina ukimwi, macho yamekwenda, akili bado ninayo." Katika miaka yote ile ya misiba sikuwa nimewahi kumsikia mtu wa kwetu akijisemea neno hilo mbele ya watu. Tulikuwa tunasema malaria, tunasema karogwa, tunasema kifua. Akaomba nisimame karibu yake na kurasa za rangi. Kisha, kichwa kimeinama pembeni kama alivyozoea sasa, akaanza kuyasema yale maagizo kwa Kihaya, mstari baada ya mstari, bila kukosea, nami nikifuata kwa kidole kwenye kile kijani, na wazee wawili wamesogea kutazama. Kama mtoto analala kwa bibi, apokee bibi. "Hii niliiandika mimi, na ndiyo kweli," akasema. "Halafu nikaizima, kwa sababu aliyeniambia alikuwa na gari. Karatasi ya Projesti imetoka baada ya kuzima. Muhuri umepigwa juu ya uongo wangu."

Ta Kaijage hakuitazama karatasi tena. Alimwita mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja. "Wewe unalala wapi?" Akasema kwa bibi. "Unajifunika nini?" Msichana akamtazama Projesti, akamtazama bibi yake. "Gunia la kahawa," akasema. "Mdogo wangu tunampa gauni la bibi." Sijidanganyi kwamba haki ndiyo iliyowashika wazee wale. Baadhi yao walikuwa na wivu na kibanda cha Projesti, wengine waliona aibu mbele ya wake zao waliojaa mlangoni. Lakini waliamua: Ma Leokadia asiondolewe, kibanja kibaki cha watoto mpaka wakue, na Projesti arudishe blanketi. Alirudisha mbili.

Chakula kililetwa. Watu wakajipanga kwenye sinia, na kama maji yanavyolikwepa jiwe, wakamwacha Novati peke yake kwenye kona yake. Nilianza kunyanyuka, nimechelewa. Ma Leokadia alikuwa ameshafika, sinia mkononi, akaketi mbele yake kwenye majani, magoti yakikaribia kugusana.

"Mama," Novati akasema, "naomba unisamehe."

"Sikusamehe," akajibu kwa ile sauti yake nzito, na watu wote wakasikia. "Watoto hawa wamelala baridi mvua nzima, na wewe ulikuwa unajua. Leo siwezi. Nawa mikono, tule." Akammiminia maji. Akamega tonge, akamega na lingine, wakala sinia moja mpaka likaisha.

Novati alikufa kabla ya masika kumalizika. Siku ya maziko Ma Leokadia alitembea kutoka Buganguzi mpaka Nshamba na mkungu wa ndizi kichwani, na yule mjukuu mwenye pumu ameshika kanga yake. Nilimpokea mkungu. Sijui nilitaka kusikia nini, lakini nilimuuliza, pale pale uani, kama sasa ameshamsamehe.

"Bado," akasema, akavua kandambili zake, akaingia jikoni kumsaidia mama wa marehemu kumenya.